Shangazi na Gango la Kinyozi

Mume wa shangazi yangu alifungua tanuri lake la mikate asubuhi moja akakuta treya zote zimejaa bandeji.

"Mama Pacha!" aliita, kwa sauti ya mtu aliyekuta nyoka kitandani. "Mama Pacha, njoo hapa!"

Shangazi akatokea uani akijifuta mikono kwenye gauni. "Funga mlango, joto linatoka."

"Joto linatoka? Nakuuliza, hivi ni vitu gani humu ndani?"

"Bandeji za vita. Zilikuwa zimelowa chepechepe, nikaona tanuri bado lina uvuguvugu, nikasema kwa nini lipoe bure."

"Bandeji za maiti kwenye tanuri la mikate ya watu!"

"Maiti hafungwi bandeji, Baba Pacha. Anayefungwa bandeji ni mtu anayetarajiwa kupona. Halafu hizi hazijawahi kufunguliwa, ona, bado ziko ndani ya karatasi zake za nta."

Maelezo yalikuwa mazuri, ila mteja aliyekuwa dirishani akingoja mkate wa moto aliyasikia yote, akaondoka bila kuaga. Kabla jua halijapanda, mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mikate ya Baba Pacha inaokwa pamoja na masanda. Ikabidi mzee wa watu alisugue tanuri milango ikiwa wazi, kila apitaye aone, huku mkewe amesimama kando na ndoo, akijitahidi asicheke. Mimi nilikuwepo, nimewaletea rafu niliyowatengenezea. Shangazi alinikonyeza, na hapo hapo nikaponzeka: kicheko kilinitoka, Baba Pacha akaacha kunisemesha mpaka alipotaka kurekebishiwa meza.

Shangazi ni dada yake baba. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia katika chumba cha upasuaji cha hospitali ya mji wetu, na kazi yake ilikuwa vyombo. Kuvihesabu kabla, kuvichemsha, kuvipanga juu ya kitambaa, kumpa daktari alichotaka kabla hajamaliza kukitaja, kisha kuvihesabu tena baadaye, mgonjwa asije akashonwa na mkasi tumboni. Hospitalini walimwita Sista, na hata alipostaafu jina hilo lilimfuata mpaka sokoni. Ila kustaafu kwenyewe kulimkalia vibaya. Alipanga vijiko vya nyumbani kwa urefu. Alichemsha visu vya jikoni. Baba Pacha alilalamika kwamba akiomba chumvi mezani anapigwa nayo kiganjani, pa!, kama anapasua mtu.

Aliyemwokoa ni baba yangu. Baba ni dereva wa trekta, na msimu ule alikuwa analima ng'ambo ya kiwanda cha matofali, kwenye uwanda ambako majeshi mawili ya zamani yalichimba mahandaki yakakaa humo yakirushiana risasi hadi yakachoka. Wanajeshi wa kutegua mabomu walishaupitia uwanda huo na kuusafisha, wakaweka vigingi vyeupe palipo salama na vyekundu pa kukaa mbali. Jembe la trekta likafukua kitu kama mkasi, kimeshikana kwa kutu. Baba akakitia mfukoni, jioni akakipeleka kwa dada yake.

"Nataka unisugulie hiki," alisema. "Kitanifaa kubania waya wa uzio."

Shangazi alikipokea, akakigeuza. Kisha akapitisha kidole gumba na cha pete kwenye matundu yake, na mkono ukakaa kama alivyozoea kuukaza chumba cha upasuaji.

"Ndugu yangu," alisema, "hili ni koleo la kubania mshipa unaovuja damu. Hubani uzio nalo. Kwanza umelitoa wapi?"

Baba alirudi nyumbani bila koleo. Shangazi alililoweka kwenye mafuta ya taa, akalisugua kwa mswaki, akalipaka mafuta, akalichezesha pole pole siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja likafunguka na kujifunga kwa ule mlio mdogo anaoufahamu. Anasema alipiga kelele, na Baba Pacha akaja mbio akidhani ameungua.

Tangu hapo ikawa ni yeye na uwanda. Alikwenda ofisi inayohusika akaomba kibali kama watafutaji wengine, akasomewa masharti: usivuke kigingi chekundu, usiguse kitu usichokijua, ukikuta mifupa acha ulichoshika uite wenyewe. Aliyashika masharti hayo kama dini.

Watafutaji wengine wote walikuwa wanaume, na walichotafuta ni visu vya bunduki, vifungo vya makoti, vishikizo vya mikanda. Wakikuta kichupa cha dawa au bakuli la bati lenye umbo la figo, walilitupa kando. Yeye alipita nyuma yao na kapu, akiokota walivyotupa. Walimcheka sana. Mmoja alimuuliza kwa nini anahangaika na takataka.

"Ninyi nyote mnaokota vya kuulia," alijibu. "Na vya kuponyea ataviokota nani?"

Hakusema kwa ukali, alikuwa amepiga magoti akimung'unya pipi. Lakini wiki zilizofuata wakaanza kumwachia vitu kwenye kapu lake: kipande cha bomba la sindano la kioo, mkanda wa kuzuia damu, kopo la sindano za kushonea. Sufuria ya kuchemshia vyombo, yenye tundu la risasi ubavuni, waliibeba wawili wakamletea hadi mlangoni, na Baba Pacha akasema kwa kuwa sasa jeshi linahamia kwake, bora apewe na cheo.

Katika watafutaji hao alikuwemo kinyozi wa mtaa wa pili. Huyu alikusanya kofia za chuma tu, kitu kingine chochote hakukitazama. Labda ni kwa sababu ya kushinda na vichwa. Duka lake lilikuwa na kofia hizo kuanzia juu ya kioo mpaka dari, ukinyolewa unahisi kikosi kizima kinakukagua kisogo. Alikuwa bonge la mtu, muongeaji, na mbishi kiasi kwamba angeweza kubishana na redio.

Siku moja shangazi aliniomba nimpeleke kwa kinyozi huyo kumwuliza kama ameona chochote cha hospitali. Tulipoingia, shangazi alisimama katikati ya duka akaganda. Ukutani, karibu na beseni, palikuwa na chombo cha chuma: pete kubwa iliyoinama upande, na kutoka kwenye pete vyuma viwili virefu vikishuka sambamba hadi vinapokutana mwishoni. Juu ya vyuma hivyo zilianikwa taulo.

"Kinyozi," alisema shangazi, akiongea kama mtu asiyejali, "ile kamba yako ya taulo nzuri. Ulinunua wapi?"

"Hiyo? Nilifukua mwenyewe. Nadhani ni sehemu ya kitanda."

"Ni gango la mguu. Paja likivunjika, pete inakaa juu hapa kwenye nyonga, mguu unalala katikati ya vyuma, unavutwa kutokea chini, mfupa unanyooka."

Kinyozi akaitazama taulo iliyokuwa mkononi mwake kwa jicho jipya. Kisha ubishi wa biashara ukamwingia. "Basi kama ni kitu cha maana namna hiyo, siwezi kukiachia hivi hivi."

"Sijasema unipe bure. Una shida gani mimi niimalize?"

"Shida yangu ni moja. Natafuta kofia ya upande wa pili, ile yenye ukingo mpana. Mji mzima hakuna."

Shangazi alinitazama, nami nikamtazama. Sote wawili tulijua iko wapi. Ilikuwa uani kwao, imepinduliwa chini, kuku wa Baba Pacha wanaitumia kunywea maji.

"Nitaangalia angalia," alisema shangazi.

Tulipofika nyumbani aliyamwaga maji ya kuku, akaisugua kofia kwa mchanga, akaifunga kwa gazeti kama zawadi. Kuku walituandama hadi getini. Kinyozi aliifungua, akauliza mbona kwa ndani inang'aa hivyo. Shangazi akamwambia imetunzwa mahali penye maji safi kila siku, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Wakabadilishana, kila mmoja akiamini amempiga mwenzake bao.

Gango lile lilikuwa zima isipokuwa ngozi ya kuzungushia pete, iliyokwisha kuoza. Wakati huo huo baba alikuwa ameokota machela, turubai limebaki matambara na miti imeliwa na mchwa. Vyote viwili vikaja karakana kwangu. Nilichonga miti mipya, nikavika pete ngozi laini ya kochi kuukuu. Turubai shangazi alilishona mwenyewe kwa magunia ya unga ya mumewe, kwa hiyo ukiitandaza machela unasoma katikati, kwa herufi nyekundu, UNGA BORA WA NGANO.

Nilikuwa navirudisha kwake kwa pikapu siku balaa lilipotokea. Shangazi aliniomba nipitie kwanza uwandani nimchukue, maana alikuwa huko tangu asubuhi na kapu lake. Niliegesha kando ya vigingi vyeupe. Kabla sijashuka nikasikia mtu akipiga yowe, kisha yowe likakatika.

Kinyozi alikuwa ameona ukingo wa kitu kinachong'aa ng'ambo ya handaki la zamani. Badala ya kuzunguka aliruka. Ukingo ukammeguka, na ubonge wake wote ukashuka naye hadi chini. Tulipomfikia alikuwa amekaa matopeni, uso umekuwa rangi ya majivu, na paja lake la kulia limejikunja mahali ambapo paja halina kiungo.

Watafutaji walikusanyika juu wakipiga kelele, huyu anasema mvute, yule anasema msimguse. Shangazi alishuka kwa makalio, akateleza hadi kwa kinyozi, akamshika kifundo cha mkono kupima mapigo ya moyo. Nilimwona anabadilika. Bibi aliyekuwa akimung'unya pipi alipotea kabisa.

"Nyamazeni," alisema, na wote wakanyamaza. "Wewe, piga simu hospitali, waambie paja limevunjika na tunakuja. Mwanangu, gango na machela viko kwenye gari?"

"Vipo, shangazi."

"Vilete. Na lile shuka safi unalofunikia mbao, lichane vipande virefu."

Niliporudi, kinyozi aliliona gango akafumbua macho yote mawili. "Sista, usiniambie unataka kunivalisha hicho."

"Nataka."

"Nimekianikia taulo miaka!"

"Nimekisafisha. Shika mkono wa huyu hapa, umfinye kadiri utakavyo."

"Sista, hicho ni cha kihistoria, kitaharibika..."

"Kinyozi, funga mdomo, uvute pumzi."

Aliniambia nishike kiatu chake, kisigino kwa mkono mmoja na juu ya wayo kwa mwingine, nivute kwa kunyoosha, polepole bila kushtua, na nisiachie hata mbingu zikianguka. Nikavuta. Kinyozi alipiga ukelele, na yule aliyefinywa mkono akapiga wake. Shangazi akapitisha pete mguuni hadi ikakaa kwenye nyonga, akazungusha kitambaa juu ya kiatu, akakifunga kwenye ncha ya vyuma, akachomeka kijiti akakisokota mpaka kitambaa kikakaza. Halafu akafunga vipande vya shuka kutoka juu hadi chini, kila fundo upande wa nje. Akaniambia, "Sasa achia."

Niliachia nikitarajia ukelele mwingine. Kinyozi alishusha tu pumzi ndefu. "Umefanya nini?" alinong'ona. "Maumivu yamepungua."

"Mfupa umeacha kukuchoma nyama. Haya, kila mtu ashike mti wake, tunanyanyua kwa hesabu yangu."

Basi tukampandisha, miti yangu mipya ikilia lakini isivunjike, na kinyozi amelala chali juu ya UNGA BORA WA NGANO. Nusu ya njia akauliza kwa nini watu wanatabasamu.

Hospitalini daktari alilifunua shuka akasimama. Alikuwa kijana mcheshi. "Hili nimeliona kwenye vitabu tu," alisema. "Nani amelifunga?" Akazunguka kitanda akitazama kila fundo, akagusa vidole vya mguu kuona kama vina joto, akasema limekaa vizuri na hatalifungua mpaka wafike chumba cha upasuaji. Kisha akamwomba shangazi amwonyeshe namna ya kusokota kile kijiti, na shangazi akamwonyesha, vichwa vyao viwili vimeinama juu ya mguu wa kinyozi kama wanaosoma gazeti moja.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa, shangazi aliketi kwenye benchi la nje. Nilidhani amechoka, nikamletea maji.

"Unajua, mwanangu," alisema, "miaka yote ile mle ndani nilikuwa mtu wa kupokeza. Mkasi huu hapa, uzi huu hapa. Sijawahi hata siku moja kuwa yule anayepokea." Akanywa maji, machozi yakamtoka, akayafuta, kisha akacheka. "Na mtu wangu wa kwanza amekuwa huyo mbishi!"

Kinyozi alipona. Mfupa uliungwa kwa chuma cha ndani, na alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza gango lake liko wapi. Shangazi akamwambia hana gango, walishabadilishana. Wakabishana mpaka muuguzi wa zamu akawafuata. Kumbe lile gango halikuwa kwa yeyote kati yao. Muuguzi mkuu, mwanamke ambaye shangazi ndiye aliyemfundisha kazi, alikuwa amelisafisha na kulitundika ofisini kwake, na wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanapita kulitazama.

"Sista, silirudishi," alisema alipofuatwa. "Ila nasikia una mengine nyumbani. Mengi."

"Nani kakwambia?"

"Mumeo. Alikuja hapa akaniomba, nusura apige magoti. Alisema ana bakuli za wapasuaji chini ya kitanda na misumeno ya mifupa kwenye kabati la sukari, na kama hospitali ina hata choo kisichotumika, tumhurumie."

Hospitali haikutoa choo. Ilitoa chumba kilichokuwa cha kuhifadhia nguo za wagonjwa, chenye madirisha mawili na mwanga mzuri. Nilijenga makabati. Shangazi alipanga vyombo juu ya vitambaa vyeupe, kwa mpangilio ule ule wa chumba cha upasuaji, kana kwamba daktari yuko njiani. Machela ikawekwa katikati, na akakataa katakata ushauri wangu wa kuigeuza ili maandishi ya unga yasionekane. Kinyozi, akiwa bado na magongo, alijiteua mwenyewe kuwa mwelekezaji wa wageni. Kila akisimulia, handaki linaongezeka kina. Mara ya mwisho nilipomsikia lilikuwa limefika urefu wa nyumba ya ghorofa, na alikuwa ameangukia humo akijaribu kumwokoa mtu. Wanafunzi wanampenda sana. Shangazi humwacha aseme, halafu anawafundisha kufunga mafundo.

Sasa nyumba yao imebaki wazi, kabati la sukari lina sukari. Baba Pacha alifurahi kwa muda, kisha akaanza kuuliza maswali ya ajabu. Chumba kimejaa? Bado kuna nafasi kwenye rafu ya chini? Jumapili moja nilikuta kafunga duka mapema, amevaa mabuti.

"Naenda kumtazama tu asianguke kama yule kinyozi," aliniambia, bila mimi kumuuliza.

Tulikwenda watatu. Shangazi alimwonyesha vigingi, akamsomea masharti, akamkabidhi mwiko mdogo wa kuchimbia. Kwa muda mrefu alikaa juu ya ndoo akilalamikia jua. Kisha akaanza kukwaruza udongo miguuni kwake kwa kukosa kazi. Mara akashuka kwenye ndoo akapiga magoti, matopeni, na suruali yake safi.

"Mama Pacha," aliita kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kitu kisikimbie. "Njoo. Njoo taratibu."

Kilikuwa kijiko cha kawaida cha kulia chakula, kimepinda mpini.

"Hicho si cha tiba, Baba Pacha," alisema shangazi. "Chumba chetu kinapokea vya tiba tu."

"Mgonjwa ananyweshwa dawa kwa kitu gani? Kwa koleo?"

"Baba Pacha."

"Nakuuliza. Na uji wa mgonjwa? Kuna daktari aliyewahi kumponya mtu bila uji?"

Shangazi aliweka mikono kiunoni akamtazama mumewe, udongo hadi kwenye nyusi, ameshika kijiko kwa mikono miwili. Kisha akainama, akakipokea, akakifuta kwa pindo la gauni lake na kukilaza ndani ya kapu, juu kabisa, pasipo kugongwa na kitu.

"Endelea kuchimba hapo hapo," alisema. "Kijiko hakikai peke yake."